Mgeni Aliyepewa Shamba: Habari za Watawala wa Mazovia

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno hayo ni ya kweli, lakini wahenga hao hao hawakusema kwamba kila mgeni ni wa kupewa shamba pamoja na hati yake. Katika historia ya Ulaya iko habari ya mtawala mmoja aliyemwita mgeni mwenye silaha ili amfukuzie adui zake. Akampa ardhi, akatia muhuri, akadhani kwamba shida zake zimekwisha. Matokeo ya muhuri ule yalionekana kwa muda wa miaka zaidi ya 500. Mtawala huyo aliitwa Konrad, na nchi yake ilikuwa Mazovia.

Mazovia ni sehemu ya nchi ya Poland. Jina la Poland si geni katika Afrika Mashariki, maana tangu mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto walioponyoka taabu za vita kuu ya pili, walipokewa katika makambi ya Tengeru karibu na Arusha, ya Masindi na Koja katika Uganda, na kwingineko. Makaburi ya baadhi yao yapo Tengeru hata leo. Lakini habari hizi ni za zamani zaidi, za karne zile ambazo Poland ilikuwa imekatwa vipande vipande, na kila kipande kina mtawala wake.

Nchi ya Mazovia ni tambarare, nayo zamani ilijaa misitu na mabwawa. Katikati yake hupita mto mkubwa wa Vistula, utokao katika milima ya kusini na kumwaga maji yake katika bahari ya Baltic. Udongo wake haukuwa na rutuba kama ule wa kusini. Watu wake walipata riziki kwa kilimo kidogo, mifugo, mbao, asali na nta. Mji wake mkuu wa kwanza ulikuwa Płock, uliojengwa juu ya genge la mto, penye kanisa kuu la askofu. Upande wa kaskazini walikaa Waprusi wa kale, taifa lenye lugha yake lenyewe, ambalo halikuwa la Kijerumani wala la Kipolandi, na ambalo lilishika dini ya mababu na kukataa Ukristo.

URITHI ULIOGAWANYWA

Chanzo cha mambo ni kifo cha Mfalme mmoja wa Wapolandi asiyevaa taji, Bolesław wa Tatu, aliyepewa jina la utani la Mdomo Uliopinda. Alifariki mwaka 1138. Yeye mwenyewe alikuwa amepigana na ndugu yake kwa ajili ya utawala, hata akamtoboa macho, na kwa sababu hiyo hakutaka wanawe wapite njia ile ile. Basi akawagawia nchi: kila mwana jimbo lake, na yule mkubwa akae Kraków na kuheshimiwa na wadogo zake kama baba. Bolesław, aliyeitwa Mwenye Nywele za Mawimbi, alipata Mazovia. Kazimierz, aliyekuwa mtoto mchanga kabisa, hakupata kitu.

Shauri lile lilikuwa la mtu mwenye nia njema, lakini halikudumu. Haikupita miaka 10 kabla wadogo hawajaungana na kumfukuza mkubwa wao mwaka 1146, akaenda kuishi uhamishoni. Ajabu ni kwamba yule asiyepata kitu ndiye aliyepata vingi mwishoni. Kazimierz akawa mtawala wa Kraków mwaka 1177, na mwaka 1186, mwana wa ndugu yake alipofariki bila mtoto, akairithi na Mazovia pia. Huyu Kazimierz ndiye baba yake Konrad. Alipofariki mwaka 1194 aliacha wana wawili wadogo. Walipokua wakagawana, Leszek akashika Kraków na Konrad akapewa Mazovia pamoja na jimbo la jirani la Kujawy.

KONRAD NA JEMADARI WAKE

Konrad alikuwa mtu hodari, mwenye moyo wa kutaka makuu, lakini hasira zake zilimshinda. Alikuwa na jemadari mmoja, jina lake Krystyn, aliyejulikana na Waprusi kuwa ni mtu wa kuogopwa. Kwa muda wote ambao Krystyn alilinda mipaka, wakulima wa kaskazini walilala salama. Lakini mtumishi akisifiwa mno, wako watu wa kumsema kwa bwana wake. Mwaka 1217 Konrad akaamuru Krystyn akamatwe. Akatobolewa macho, kisha akauawa.

Waprusi hawakukawia kuivamia nchi isiyokuwa na mlinzi tena. Vijiji vikachomwa moto, makanisa yakabomolewa, watu wakachukuliwa utumwani. Konrad akajaribu dawa nyingi: vita, mapatano, hata akaanzisha kikosi chake cha watawa wapiganaji, walioitwa Ndugu wa Dobrzyń. Hawa walikuwa wachache mno, wala hawakufaa kitu. Hapo ndipo alipotazama mbali kutafuta msaada.

WAPIGANAJI WA MSALABA

Wakati ule kilikuwako chama cha watawa wa Kijerumani kilichoanzishwa mwaka 1190 mbele ya mji wa Acre, katika Nchi Takatifu. Kwanza kazi yao ilikuwa kuuguza wagonjwa. Baadaye wakawa askari. Walivaa joho jeupe lenye msalaba mweusi, na kwa hiyo Wapolandi wakawaita Watu wa Msalaba. Walikuwa na nidhamu kubwa, farasi wazuri, na mkuu wao, Hermann von Salza, alikuwa mtu wa akili nyingi aliyesikilizwa na Kaisari na Baba Mtakatifu pia.

Lakini walikuwa na sifa nyingine iliyopasa kumzindua mtu mwangalifu. Mwaka 1211 Mfalme Andrew wa Hungaria alikuwa amewaita kulinda mpaka wake wa mashariki, akawapa ardhi. Kabla ya miaka 15 kwisha wakaanza kuifanya ardhi ile kama nchi yao wenyewe, wakaiweka chini ya ulinzi wa Baba Mtakatifu ili wasimtii mfalme. Andrew akafahamu, akakusanya jeshi, akawafukuza mwaka 1225. Habari hizo hazikuwa siri. Na bado majivu ya Hungaria hayajapoa, Konrad akapeleka wajumbe kuwaita Mazovia.

Hermann von Salza hakutaka kufukuzwa mara ya pili. Kabla ya kutuma hata askari mmoja alitafuta karatasi. Kwa Kaisari Frederick wa Pili alipata hati yenye muhuri wa dhahabu, ya mwaka 1226, inayosema kwamba chama kitaimiliki nchi ya Chełmno atakayoitoa Konrad, pamoja na nchi yote watakayoiteka kwa Waprusi, kwa mamlaka kama ya watawala wakuu wa dola ya Kaisari. Kaisari alitoa kwa ukarimu mkubwa nchi ambayo haikuwa yake. Konrad naye alitoa hati zake kuanzia mwaka 1228. Kufika mwaka 1230 wapiganaji wa kwanza wakaja, wakiongozwa na Hermann Balk, na mwaka 1231 wakavuka Vistula na kujenga ngome ya Toruń.

Je, Konrad alitoa nini hasa? Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wote. Wapolandi walisema kwamba ardhi ile ilikuwa ya kukaa tu, msaada kwa askari wafanyao kazi ya kulinda mpaka, na mwenyewe ni Konrad. Watu wa Msalaba walisema kwamba ni mali yao milele, bila sharti. Iko hati ya Kruszwica ya mwaka 1230 inayowapa yote, lakini wataalamu wengine wa historia wanaamini kwamba hati ile ilighushiwa. Waswahili husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Upande mmoja ulikuwa na daftari iliyotunzwa vizuri sana, upande wa pili ulikuwa na nia isiyoandikwa.

MGENI AKAWA MWENYEJI

Haki isemwe: kazi waliyoitiwa waliifanya. Kufika mwaka 1283 nchi yote ya Waprusi ilikuwa imeshindwa. Lakini haikushindwa kwa faida ya Mazovia. Waprusi wengi waliuawa, waliobaki wakawa watumwa wa mashamba. Lugha yao ikadhoofika, na kufika karne ya 18 ilikuwa imekwisha kufa. Juu ya ardhi yao ikasimama dola mpya yenye ngome za matofali, na hata jina la Prusi likachukuliwa na walioishinda. Mwaka 1308 Watu wa Msalaba wakauteka mji wa bandari wa Gdańsk, mali ya Wapolandi, na mwaka uliofuata mkuu wao akahamia katika ngome kubwa ya Malbork. Hivyo Poland ikazibiwa njia ya bahari.

Konrad hakuyaona hayo yote. Miaka yake ya mwisho aliipoteza katika kugombea kiti cha Kraków, ambacho ndugu yake Leszek alikiacha wazi alipouawa mwaka 1227. Alikipata mwaka 1241, akakipoteza tena mwaka 1243, kwa kuwa wakubwa wa Kraków walichoshwa na ukali wake. Mwaka 1239 alikuwa amemnyonga Jan Czapla, padri msomi wa Płock aliyekuwa mwalimu wa wanawe mwenyewe. Kanisa likampatiliza kwa tendo hilo. Alifariki mwaka 1247.

Walioachiwa taabu walikuwa watoto wake. Mwanawe Siemowit alitawala Mazovia mpaka mwezi wa Juni mwaka 1262, Walithuania walipoivamia nchi pamoja na watu wa Rus. Wakamshtukia katika ngome ya Jazdów, mahali ambapo leo ni ndani ya mji wa Warsaw. Siemowit akauawa, na mwanawe Konrad akachukuliwa mateka.

KESI YA WARSAW

Baada ya hapo desturi ya kugawanya iliendelea. Mazovia, ambayo yenyewe ilikuwa kipande tu, ikakatwa tena: watawala wa Płock, watawala wa Czersk, watawala wa Rawa. Kila baba alikata mkate kwa idadi ya wanawe. Mmoja wa Płock, Wacław, akajiona mnyonge hata mwaka 1329 akapiga magoti mbele ya Mfalme wa Bohemia, rafiki wa Watu wa Msalaba. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru."

Hata hivyo mji mdogo wa Warsaw, uliochipuka katika miaka ya 1300 hivi chini ya watawala hao, ukapata heshima ya kukumbukwa. Mwaka 1339 wajumbe wawili wa Baba Mtakatifu waliketi huko kusikiliza mashtaka ya Mfalme Kazimierz wa Poland juu ya Watu wa Msalaba. Mashahidi zaidi ya 100 wakaitwa: watawala, maaskofu, mapadri, waungwana na watu wa mijini. Wakasimama mmoja mmoja, wakaapa, wakasema nchi hizi zilikuwa za nani tangu siku za baba zao. Na makarani wakaandika kila neno. Mwezi wa Septemba hukumu ikatolewa: nchi zirudishwe, na fidia ilipwe. Watu wa Msalaba hawakurudisha hata shamba moja. Lakini maneno ya mashahidi yale yamehifadhiwa mpaka leo, nayo ni ushuhuda kwamba watu wa kawaida walijua haki yao ijapokuwa hawakuwa na nguvu ya kuitwaa.

SIEMOWIT MTOA SHERIA

Mtawala aliyejaribu kuushona tena mkeka uliokatwa ni Siemowit wa Tatu. Kwa kurithi ndugu zake mmoja baada ya mwingine, akakusanya karibu Mazovia yote mkononi mwake kufika mwaka 1370. Mwaka 1377, katika mji wa Sochaczew, alitoa sheria zilizoandikwa ili hukumu zisifuate tena hasira ya hakimu wala fedha ya mshtakiwa.

Lakini mtu huyu aliyewapa wengine sheria hakuitumia nyumbani mwake. Padri Janko wa Czarnków, aliyeandika habari za siku zile, anasimulia kwamba Siemowit alisikia uvumi juu ya mke wake wa pili, kwamba si mwaminifu. Watumishi wakateswa ili waseme, wala hawakukiri lolote. Hata hivyo mama yule akafungwa gerezani akiwa mja mzito, na baada ya kujifungua mtoto wa kiume, akanyongwa. Mtoto akalelewa mbali kwa watu wengine. Alipokua, sura yake ikafanana mno na ya baba yake, na Siemowit akafahamu alilotenda. "Majuto ni mjukuu, huja kinyume." Kitabu cha sheria hakikuweza kumfufua yule mama.

WALIOLIPA DENI LA BABU

Siemowit alifariki mwaka 1381, na wanawe wakagawana tena. Janusz, mkubwa, alikuwa mtu mtulivu. Alijenga miji, akaufanya Warsaw kuwa makao yake, akatawala mpaka mwaka 1429. Mdogo, Siemowit wa Nne wa Płock, alikuwa na tamaa. Mwaka 1383 alitaka kuwa Mfalme wa Poland kwa kumwoa binti mfalme Jadwiga. Akashindwa, akabaki na madeni. Ili alipe, akaiweka rehani nchi ya Zawkrze kwa nani? Kwa Watu wa Msalaba wenyewe! Mjukuu alirudi kugonga mlango ule ule uliomponza babu.

Baadaye wote wawili walijifunza. Mwaka 1393 Watu wa Msalaba walimkamata Janusz ndani ya nchi yake mwenyewe alipokuwa akijenga ngome. Basi tarehe 15 Julai, 1410, Mfalme Władysław Jagiełło alipokutana na jeshi lao katika uwanja wa Grunwald, askari wa Mazovia walikuwa upande wake pamoja na Wapolandi wengine na Walithuania. Kabla ya jua kuchwa mkuu wa Watu wa Msalaba, Ulrich von Jungingen, alikuwa maiti, na jeshi lake limevunjika. Yale ambayo hukumu ya Warsaw haikuyaweza yakaanza kutimia.

Katika nyumba ya Siemowit alizaliwa pia binti aliyepeleka damu ya Mazovia mbali. Jina lake Cymburgis. Aliolewa mwaka 1412 na mtawala wa Austria, na masimulizi husema kwamba alikuwa na nguvu hata kupigilia misumari kwa mkono mtupu. Mwanawe akawa Kaisari Frederick wa Tatu, na makaisari wa ukoo wa Habsburg waliomfuata ni wa uzao wake.

MWISHO WA UKOO

Matawi yale yaliyogawanywa yakaanza kukauka. Mwaka 1462 watawala wawili vijana wa Płock walifariki kwa kufuatana, na Mfalme wa Poland akaanza kutwaa nchi zilizokosa mrithi. Mwaka 1503 akafariki Konrad wa Tatu, akiacha wana wadogo, Stanisław na Janusz. Mama yao Anna, wa ukoo wa Radziwiłł wa Lithuania, akashika utawala kwa niaba yao. Vijana walipotawala wenyewe hawakuishi. Stanisław alifariki mwaka 1524, Janusz mwezi wa Machi 1526, wote wawili bila kutimiza miaka 25 na bila mtoto. Uvumi wa sumu ukaenea mjini, lakini Mfalme Sigismund baada ya uchunguzi akatangaza kwamba hawakuuawa na mtu. Kaburi lao limo katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, Warsaw. Mazovia ikarudi mikononi mwa mfalme, karibu miaka 400 tangu Bolesław alipoikata.

Na mgeni je? Mwaka 1525, mwaka mmoja tu kabla ya Janusz kufariki, mkuu wa mwisho wa Watu wa Msalaba katika Prusi, Albrecht, aliacha utawa, akapiga magoti Kraków mbele ya Mfalme Sigismund, akapewa Prusi aitawale kama mtumishi wake. Watu wakashangilia, wakidhani shauri la Konrad limemalizika. Halikumalizika. Prusi ile ikaangukia watawala wa Brandenburg, mwaka 1701 ikawa ufalme, na mwaka 1795 Poland ilipofutwa katika ramani na majirani zake watatu, aliyepewa Warsaw, mji wa watawala wa Mazovia, alikuwa Mfalme wa Prusi. Mrithi wa shamba akaingia katika nyumba ya mwenye shamba.

Leo Warsaw ndio mji mkuu wa Poland iliyo huru, na Mazovia ni mkoa wake mkubwa kuliko yote. Wanaozisoma habari za Konrad humlaumu kwa kumwita mgeni. Lakini kosa lake la kwanza si lile. Alikuwa na Krystyn, mtu wa nyumbani aliyeujua mpaka na kuulinda, akamtoboa macho kwa mkono wake mwenyewe. Aliyemwua mlinzi wake hana budi kuajiri mlinzi wa watu, na mlinzi wa watu huja na masharti yake.